Kisanduku kwenye Ukuta wa Jikoni

Bukavu, Ibanda, siku ya Mungu nyuma ya misa

Kwako Mama Wabiwa, muke wangu,

Jambo sana. Mbele ya yote nakuuliza habari ya mwili yako, habari ya maman yangu na miguu yake, na zaidi habari ya mutoto wetu Wabiwa na ile jicho. Mimi niko muzima, nakula, nalala, lakini moyo haitulie. Hii barua siandikie kwa nyumba ya patron. Niko soko ya Nyawera, nimeikaa juu ya gunia ya maharagi ya maman mumoja, na kila mara nageuka kuangalia nyuma. Soma wewe peke yako. Usimupe mwalimu akusomee kwa sauti.

Barua yako ilifika. Uliandika kama ile alama nyeupe kwa jicho yake imeongezeka, na infirmier anayewapa dawa kule anasema mutoto aletwe huku ku hospitali kubwa bila kukawia, juu jicho ya pili nayo inaanza kutoa machozi. Ukaniuliza: "Patron yako ni ingénieur, ni mutu mukubwa, umemuomba nini?" Mama Wabiwa, sikumuomba kitu. Usikasirike mbio mbio, ngoja nikueleze.

Hii nyumba haiko nyumba kama zingine. Citoyen, ndiyo jina tunamuita patron, alisomea umeme kule Ulaya, na kila siku ya posho, mwisho ya juma, anafunga kamba mupya fulani ya umeme. Taa za inje zinajiwasha zenyewe dix-huit heures, magharibi, juu amezifunga na saa ya kuamsha. Courant ikikatika, saa inachelewa, kisha taa zinawaka midi, jua kali, na yeye anasema tuziache, atatengeneza. Mulango ya inje ya parcelle nayo inajifungua kama motokari inakanyaga chuma fulani chini. Juzi mbuzi ya jirani ilikanyaga, mulango ikafunguka vizuri kabisa, mbuzi ikaingia kula maua ya Madame, muke wa Citoyen. Kikuni, ule sentinelle wa kwetu nilikuambia, anayelinda mulango, hakucheka hata kidogo. Alisema: "Kama mulango inajifungua, mimi niko hapa ya nini?" Tangu siku ile anaangalia ile chuma kama inataka kumunyanganya mukate.

Tena chini ya meza ya kulia kuko kifungo ya kengele ya jikoni. Siku za kwanza nilikuwa nasimama jikoni, kengele inalia, nafika nakuta Madame mikono yote mbili juu ya meza, ananiangalia tu. Nilisema moyoni, huyu mwanamuke iko na kitu. Kumbe anakanyaga na muguu, kifungo iko chini ya tapis, ule mukeka munene! Hata nilipojua, sikupenda. Mutu anayekuita bila kufungua kinywa, unajuaje anataka nini ingine?

Lakini hayo yote ni muchezo. Kitu yenye iliniondolea usingizi ni kisanduku. Iko kwenye ukuta wa jikoni, juu ya évier, pale naosha sahani, na kitambaa mbele kama radio. Sauti ya Madame inatoka pale: "Mupishi, leta maji ya moto." Citoyen aliniambia ni ya kutupunguzia safari. Nilijibu "ndiyo, Citoyen," lakini nilijiuliza: kama sauti yake inafika kwangu, yangu inaenda wapi?

Nikaipima. Nilisema karibu na kisanduku, kwa Kiswahili, nikimwambia Kikuni: "Ile samaki ya jana imeoza, nitaificha na pilipili." Samaki ilikuwa muzuri, nilidanganya. Sikumaliza hata kukata kitunguu, Madame huyo mulangoni: "Mupishi, lete ile samaki nione." Mama Wabiwa, kumbe alisikia yote! Nikamuonyesha, akanusa, akanusa tena, akaenda. 

Tangu pale, mimi na Kikuni tukasema Kilega tu, luga ya kwetu. Citoyen na Madame kati yao ni Français na Lingala, na Madame anasema baba yake alikuwa mutu wa Kinshasa. Tukapumuzika. Tukasema yote. Nilimupa Madame jina kwa Kilega, jina mubaya, sitaiandika hapa. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, chini ya kisanduku pale pale.

Na siku barua yako ilipofika, nilimusomea Kikuni pale. Nililia, siwezi kukuficha. Kikuni akasema: "Enda umuombe Citoyen." Nikakataa. Unajua mupishi aliyekuwa mbele yangu? Aliomba ruhusa juu ya mutoto mugonjwa. Juma ile ile Madame akafunga sukari na mafuta kwa kabati, kisha wakamufukuza. Patron akijua uko na mugonjwa nyumbani, anaanza kukuangalia mikono. Nilisema: heri nitafute njia mimi mwenyewe. Kumbe sikuwa na njia, nilikuwa na woga tu.

Siku tatu nyuma ya ile, kisanduku ikalia. Sauti ya Madame. "Papa Wabiwa, kuya salon."

Kwa Kilega, Mama Wabiwa! Kilega ya kwetu kabisa, ya mutu aliyeinyonya. Na jina ya mutoto, yenye sikumwambia hata siku moja. Sahani ilinitoka mikononi, ikapasuka.

Nilifika nikasimama. Alikuwa peke yake. Alisema baba yake alikuwa karani kwa camp ya mgodi kule Kamituga, na yeye alicheza na batoto ya kwetu mpaka akawa musichana mukubwa. Nikamuuliza: "Madame anatusikia tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ile jina?"

"Na ile jina."

Hakucheka, hakukasirika. Akasema docteur wa macho ni rafiki yao, amekwisha kuongea naye, mutoto aletwe, atalala kwenye annexe, ile nyumba ndogo ya nyuma, pamoja na mama yake. Mimi, badala ya kusema asante, nikauliza: "Mbona ulinyamaza muda yote hii?"

Akaniangalia. "Na wewe mbona hukuomba?"

 Nikauliza kama kisanduku inazimwa. Inazimwa, anasema, upande wake. Na upande wetu? "Upande wenu haina kifungo."

Kikuni anasema nisikubali. Anasema huyu mwanamuke amekusanya maneno yetu yote, sasa anatushika shingo, nitamupikia mpaka nizeeke bila kuinua sauti. Labda iko na haki. Mimi pia sijui kama ni huruma ao ni kamba. Nimegeuza hii neno usiku na muchana, sikupata mwisho yake. Lakini nikifikiri Wabiwa anapapasa ukuta kutafuta mulango, nasema basi, kama ni kamba anifunge.

Kwa hiyo mukuye. Pandeni camion ya mafuta ya mawese ya juma hii, muikae mbele na chauffeur, mufunike mutoto jicho na kitambaa safi juu ya vumbi. Nitawangojea.

Unisalimie maman yangu, umwambie nitamutumia dawa ya miguu. Salimia mudogo yangu anayechimba dhahabu, na shangazi yako anayemubeba Wabiwa mutoni. Salimia catéchiste, lakini usimuambie kitu.

Neno moja tu ya kushika. Ukifika, usiseme kitu jikoni, hata asante, hata jambo. Nipe mukono tu. Tutashuka wote watatu mpaka pembeni ya ziwa, pale ndipo utaniambia yote. Ni muaka muzima sijasikia sauti yako, na sitaki mutu mwingine aisikie kwanza, mbele yangu.

Bwana yako,
Papa Wabiwa