Upande wa Pili wa Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni
Likizo, lakini nimeamkia mitihani ya kidato cha pili. Nikiwa naingiza alama, kompyuta ikaomba update. Nikakubali. Umeme ukakatika katikati na betri yangu ni ya hivyo hivyo. Ilipowaka tena, ile skrini ya kuchagua kati ya mifumo yangu miwili haikuja. Imeingia moja kwa moja kwenye mfumo wa kazi za shule. Ule wa pili, Linux, sioni pa kuingilia.

Sauti ya baba iko huko. Nilimrekodi kwa simu mwaka juzi, kabla ya kiharusi kumchukua. Simu yenyewe ilishakufa. Niliihamishia kwenye Linux kwa sababu upande wa shule kila flash ya mwalimu inaleta virusi. Nakala nyingine sina. Uzembe.

Jumamosi kikao cha ukoo, kijijini kwetu Dutwa. Shamba la mtoni. Baba alinipa mimi, nilisikia kwa masikio yangu siku ile ya kurekodi. Kaka yangu Masanja anasema nimetunga.

Jumanne, 10 Juni
Masanja kapiga. Nimemwambia ushahidi upo, nitakuja nao. Kacheka. "Minza, mpaka marehemu unataka kumsemea?" Nikakata simu.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 11 Juni
Fundi wa karibu na stendi. Kafungua orodha ya diski, kakuta sehemu isiyo na jina. Kompyuta ikauliza kama aiformati, yaani aifute yote. Mkono wake ulishafika kwenye kitufe. Nikaivuta mashine.

"Mwalimu, hiyo sehemu ni tupu."

Si tupu. Mfumo ule hauwezi kuisoma, basi. Kaniona mkorofi mbele ya wateja wake. Sawa. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 12 Juni
Hatimaye nimempigia Mwalimu Rehema. Ndiye aliyeniwekea Linux. Yuko kwao Korogwe. Nilichelewa kumtafuta kwa kuwa tuligombana kuhusu zamu kabla shule haijafungwa. Kiburi tu. Kanisalimia salamu zake ndefu za kwao, ugomvi hakuugusa.

"Usiformati kitu, dada'angu. Mafaili yako yapo. Kilichopotea ni mlango tu."

Tukaingia kwenye mipangilio ya kuwasha, ile inayokuja ukibonyeza F2. Jina la Linux halimo kwenye orodha. Akasema basi niandae flash yenye Linux, niwashie kompyuta kutoka humo, nifungue diski. Kupakua kumenila mchana mzima. Bando limekatika mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Flash ya kwanza mbovu. Ya pili imekubali. Saa tano asubuhi mafaili yote hayo hapo, hakuna hata moja lililopungua. Nikamshukuru Rehema, nikakata. Nilitaka kumsikia baba peke yangu.

Anakohoa. Kuku wanasikika. Anasema kwa Kisukuma, polepole: Minza, haki yako unayo. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inaishia. Kumbe aliendelea. Niliuza ng'ombe ukasoma, hiyo ndiyo haki yako. Shamba la mtoni ni la Masanja, yeye hakusoma. Usinung'unike, ng'wanawane, mwanangu.

Kisha sauti ya mwanamke inajibu: ndiyo, baba. Mwanamke huyo ni mimi.

Mwaka mzima nimemwita kaka yangu mwizi.

Nimesikiliza mara nne. Nikapeleka mshale kwenye kufuta. Nani angejua? Nimekaa hivyo mpaka chai ikapoa. Sikufuta, na si kwa wema. Sauti yake ni hiyo moja tu.

Na nina hasira na baba. Kila likizo nilipalilia pamba kwenye shamba lile, mgongo unauma, nikidhani nalima changu. Hilo hakulisema popote kwenye rekodi.

Jumamosi, 14 Juni
Basi la saa moja. Nimefika Dutwa wameshakaa: baba mdogo, shangazi wawili, Masanja na mkewe. Kabla sijaulizwa nikasema nilikosea, sikilizeni. Nikaweka simu mezani. Jana nilihamishia rekodi humo.

Baba mdogo alivua kofia. Shangazi mkubwa akajifunika uso kwa kitenge. Nilisubiri Masanja acheke. Hakucheka. Iliponyamaza akasema, "Irudishe mwanzo." Nikairudisha.

Nje, wakati naondoka, alinisindikiza hadi barabarani. Hatukutazamana.

"Kumbe alikuwa anaona," akasema. "Kwamba mimi sikusoma. Nilidhani hakuwahi kuona."

Nilitakiwa kuomba msamaha pale pale. Badala yake nikatazama kama basi linakuja. Naye hakunipa hata tuta moja la shamba. Basi likaja.

Jumapili, 15 Juni
Rehema kanielekeza tena kwa simu, amri mbili tatu za kuandika, na ile skrini ya kuchagua imerudi. Kafurahi kuliko mimi. Nimemwomba radhi kuhusu zamu. Kasema yeye alishasahau. Sidhani, lakini nimepokea.

Masanja katuma ujumbe mfupi, anaomba ile sauti. Nimemtumia. Ameifungua.

Mchana nimepika michembe, viazi vikavu vile, kwa karanga. Nimekula kidogo. Shamba bado nalitaka.