Kompyuta Yako na Sauti ya Dada Yako

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono miwili, mimi mpwa wako Chiriku, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa wima. Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya huko imepungua, au bado mnavaa soksi mbili mbili? Mkaza mjomba naye hajambo? Mwambie koti alilonipa bado linanitosha, ila vifungo vimeanza kulalamika.

Sisi huku tu wazima. Watoto wanakua, viatu vinakataa. Baba yao yupo na kazi anayo. Dada yako anakula, anatembea, anagomba, kwa hiyo usisome kwa hofu. Habari za sauti yake zitafika kwa zamu yake. Nakujua, Mjomba. Usiruke mistari.

Aliyekuletea barua hii amebeba pia flashi ndogo nyeusi. Nakuomba usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Kwenye simu tumekuwa tukiongea nusu nusu, mara mtandao unakata, mara mimi nalia, na wewe unastahili kuambiwa habari nzima kwa kituo.

Unaikumbuka siku niliyokupigia tukitoka kwa daktari. Alikuwa ametuambia ule uvimbe wa shingoni mwa Mama lazima utolewe, na kwamba umekaa karibu mno na mshipa wa sauti. Uhai hakuwa na wasiwasi nao, lakini sauti hakuweza kuiwekea dhamana. Mama huyu aliyeimba karibu kila harusi ya mtaa wetu! Nilikulilia, ukaniacha nilie, kisha ukauliza, "Una kitu cha kumrekodia?" Nikakujibu nina simu yenye kioo kilichopasuka. Ukasema, "Subiri."

Watu wengi walituletea pole, na pole zao tulizipokea. Wewe ulituletea kompyuta.

Ilifika imezungushiwa taulo lako la bluu. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukirudi ndiyo kwanza inakusalimu. Herufi moja imeng'oka. Lakini haijawahi kunizimikia katikati ya wimbo hata mara moja, na kwa hilo nimeisamehe yote.

Akiba kidogo niliyokuwa nayo nilitaka kuimalizia kwenye spika kubwa, zile zenye taa. Fundi simu wa pale njia panda ndiye aliyeniokoa. "Dada, spika hazirekodi," akaniambia. "Tafuta maikrofoni moja nzuri, hedifoni zinazoziba masikio, na kisanduku cha kuunganishia maikrofoni na kompyuta. Hata vilivyotumika vinatosha." Kisanduku alikuwa nacho kimekaa bure kabatini. Akaniwekea programu ya kurekodi isiyolipiwa, akanifundisha kuweka kila sauti kwenye mstari wake, ili ukiharibu mmoja usiharibu na mwenzake. Nilipomuuliza atataka nini kwa kazi yote hiyo, alisema Mama ndiye aliyeimba kwenye harusi yake, basi nisimtie aibu.

Chumba nilikivisha mwenyewe. Jaribio la kwanza sauti yangu ilirudi kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa, maana kuta tupu hazijui kunyamaza. Kazi yangu ya kushona makochi ina faida zake: mabaki ya sponji na vitambaa vizito ninavyo tele. Nikavipigilia kwenye fremu za mbao, nikazitundika kila upande, na mlangoni nikasimamisha godoro. Sasa ukuta mmoja una maua mekundu na mwingine mistari ya kijani, kama kochi lililogeuzwa nje ndani. Piga kofi humo uone, linakufa papo hapo.

Stendi ya maikrofoni tulichomelewa na jirani yetu wa mageti, kwa mabomba ya kitanda kibovu. Tatizo ni kwamba mkono uliotupa stendi ndio huo huo wenye kelele. Nilikwenda kumwomba nikiwa na maneno mengi ya kubembeleza, akanikatiza. "Tundika kitambaa chekundu dirishani. Nikikiona, nazima. Ila mwambie Mama asichague nyimbo ndefu, nina mageti ya watu."

Basi ikafika siku ya kurekodi. Mama akavaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akasimama. "Nani huyo ananiiga nyuma?" Sauti yake ilikuwa inamrudia kwa kuchelewa, kompyuta inahema kwa mzigo. Nikafunga kila kitu kilichokuwa wazi, nikabonyeza kitufe cha kwenye kisanduku kinachompa mwimbaji sauti yake moja kwa moja, na mwigaji akatoweka. Feni nayo tuliizima, kwani maikrofoni haina siri. "Mnanirekodi au mnanichemsha?" akauliza huku akijifuta jasho.

Tulicheka, lakini wimbo ulikataa. Sauti zilikuwa mahali pake, mwenyewe hakuwepo. Alisimama mbele ya maikrofoni kama mtu aliyeitwa polisi. Alijaribu wimbo wa kwanza, wa pili, na wa tatu akaukatiza njiani. Akavua hedifoni, akazilaza mezani taratibu.

"Mwanangu, unaniimbisha kama marehemu," akasema, akatoka.

Nilibaki na kitambaa chekundu dirishani na jirani kazima mashine zake bure. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekaa pale namtazama kwa macho ya kuagana, na hofu yangu ilikuwa imejaa chumba kuliko zile sponji. Jioni ile hatukusemeshana sana. Baba watoto aliniambia nimwache, Mama akitaka atarudi, asipotaka ni sauti yake.

Kesho yake asubuhi, niko nashona mto wa kochi, nikasikia kiti kinaburutwa stoo. Nilipokwenda nikamkuta amekaa na sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Shusha hiyo maikrofoni," akaniambia. "Tangu lini mimi nikaimba mikono ikiwa bure?"

Nikaishusha mpaka ikawa sawa na kidevu chake. Nikatundika kitambaa. Mashine ya jirani ikanyamaza katikati ya mlio.

Akaimba, Mjomba. Aliimba ule wimbo aliokubembelezea alipokubeba mgongoni, wewe ukiwa mtoto na yeye mwenyewe bado mtoto. Alisahau ubeti, akajicheka, akauanza upya. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakilaani kidogo, akaendelea. Utasikia punje zikichirizika kwenye sinia. Fundi simu alisema kelele hizo zinaweza kupunguzwa, nikamwambia akithubutu nitamshonea ndani ya kochi. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi Mama alikuja na kazi yake ya mikono, na sikumtazama tena kwa macho yale. Mpaka tunakwenda hospitali, nyimbo zilikuwa zimetosha.

Upasuaji ulikwenda salama, na uvimbe haukuwa na ule ubaya tuliouogopa. Lakini alipozinduka na kufungua kinywa, ulitoka upepo mtupu. Daktari akatuambia tungoje. Tukangoja. Mama akawa anatuita kwa kugonga kikombe na kijiko, na kwa jinsi alivyogonga tu ulijua kama unaitwa kula au unaitwa kusemwa. Ndizo zile kelele ulizosikia ulipopiga simu ukadhani tunakufanyia mzaha. Alikuwa anakusalimu.

Kisha sauti ikaanza kurudi kidogo kidogo, ila si ile. Hii ni nzito, ina mikwaruzo, na makao yake ni chini. Juu haipandi, na daktari amesema huenda isipande tena. Akawa anaongea vizuri tu, lakini kuimba alikataa, hata kule kuguna kwake jikoni. Akipita stoo alifunga mlango. Sikumlazimisha. Somo langu nilikuwa nimeshalipata.

Wiki iliyopita nilikuwa nausafisha wimbo ule wa kubembeleza ili nikutumie. Sikujua kama amesimama nyuma yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipogeuka nilitegemea machozi.

"Mwanamke huyo anaringa," akasema kwa sauti yake mpya. "Mrudishe mwanzo."

Nikamrudisha. Akavuta kiti, akazichukua hedifoni mwenyewe. "Nifungulie mstari mwingine, chini ya wake."

Nikamfungulia. Mama akaingia chini ya sauti yake ya zamani polepole, kama anayejaribu maji kwa unyayo. Ubeti wa kwanza alipotea. Wa pili akashika. Ile ya juu ilipopanda, hii ya chini ilitulia palepale, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Nje kulikuwa kimya, nami nilikumbuka baadaye kwamba sikutundika kitambaa. Jirani alikuwa amezima mwenyewe.

Tulipousikiliza wimbo wote, Mama aliweka mkono kwenye kovu. Kisha akasema, "Kumbe tuko wawili."

Mjomba, ahsante. Ninaliandika neno hili na naliona dogo. Mkaza mjomba aliniambia ulichotuficha wewe, kwamba ile haikuwa kompyuta ya akiba, ndiyo uliyokuwa nayo, na kwamba tangu uitume unamalizia kazi zako kwa kuazima ya wenzako. Hukutaka tujue, na hata sasa utasema si kitu. Basi na kiwe si kitu kwako. Kwetu ni Mama mzima, wa zamani na wa sasa, ndani ya chumba kimoja.

Siku hizi watu wameanza kubisha hodi, bwana harusi mmoja na kwaya ndogo ya wanafunzi. Mama amejipa ukurugenzi. Anakaa kwenye kile kiti, na mtu akiimba bila roho anamwambia aende kwanza akanywe maji.

Na wewe amekupa kazi. Anasema kati ya sauti yake ya juu na ile ya chini kuna nafasi imebaki, na mwenyewe wa nafasi hiyo yuko mbali. Mstari nimeshaufungua, hauna kitu bado. Sasa fungua flashi, weka wimbo wa kwanza, ule wa kubembeleza, masikioni, ujirekodi kwa simu, unitumie. Ukisingizia mafua, anasema atakupigia mwenyewe, na sauti aliyonayo sasa si ya kuchezea.

Msalimie mkaza mjomba, binti yenu muuguzi, na wale mapacha ambao najua wameshanipita kimo. Baba watoto anakusalimu, watoto wanamwamkia babu yao, na jirani wa mageti naye anakusalimu kati ya mlio na mlio. Mungu aliyekupa mkono wa kutoa akupe na mgongo wa kuubeba, na pale ulipotupunguzia mzigo, naye akupunguzie wako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kupunguza sauti,

Chiriku