Kipande Chako Kabatini

Arras,
9 Januari 1803.

Mpendwa kaka yangu Vaast,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Waendeleaje huko Hamburg, na kile kifua chako kinachosumbua kila baridi ikiingia? Mimi na Isbergue tu wazima. Binti yangu sasa amenipita kimo na ananishinda kufuma lesi, na maringo anayo.

Kaka, mama alituacha Novemba. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu mkono ulikuwa mzito. Hakuteseka. Alikuulizia mpaka siku ya mwisho.

Mjini bado wanagombana juu ya Robespierre, utadhani hakuuawa miaka minane iliyopita. Jumamosi sokoni muuza samaki alisema maskini hawajapata mtetezi kama yule wakili wetu. Fundi ngozi akamjibu, "Kamwambie hivyo mjane wa Philibert." Wote wakanigeukia. Njiani Isbergue akaniuliza Robespierre alikuwa mtu wa namna gani. Nilimwambia aliwatetea wanyonge mahakamani, kwamba baba yake alikatwa kichwa kwa jina la mtu huyo, na kwamba mjomba wake alimwamini. 

Unaikumbuka ile Sikukuu ya Wafalme, siku ya Mamajusi, ulipokuwa kwenye kamati ya mapinduzi ya mtaa? Mama alitoa mkate wa sikukuu tanurini, ukasema wafalme wamekwisha, ukawatupia kuku mkate huo. Philibert akacheka, akasema basi kuku nao watashtakiwa. Aprili kamati ilipomwita yeye, ulikaa kimya. Kimya kile sijakisahau.

Tangu ukimbie Robespierre alipoanguka, kila Januari mama alikukatia kipande cha mkate wa sikukuu, fungu la asiyekuwepo, akakiweka kabatini mwaka mzima. Alikichungulia kila wiki, maana kikiota ukungu ni dalili kwamba unaumwa. Mimi nilikuwa nikiinuka mezani anapokikata.

Sikukuu ya mwaka huu kisu kilikuwa mkononi mwangu. Isbergue akauliza taratibu, "Na cha mjomba?"

 Nikakikata, kikubwa kuliko changu.

Msamaha wa serikali kwa watu wa kamati ulitangazwa zamani, Vaast. Kilichokuzuia kurudi ni aibu yako na hasira yangu, na mimi nimekukumbuka kupita kiasi. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Isbergue anakuamkia. Jirani yetu Ghislaine anakusalimu, na anasema bado una koleo lake.

Kipande kiko kabatini, hakijaota ukungu. Mungu akulinde njiani.

Dada yako akupendaye,
Austreberthe