Blanketi Iliyofuliwa

Jumanne, Agosti 2007

Amekunywa. Huyo mtoto wa ndovu amemaliza chupa mbili, na mimi nimetembea kutoka steji ya matatu mpaka hapa nyumbani Mutuini nikicheka pekee yangu.

Tangu jana alikuwa anakataa maziwa. Mdogo hivyo akikaa siku mbili bila kunyonya, anakufa. Mzee Barasa, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa ameshaita daktari.

Na mimi nilikuwa nimeona shida. Hanna, yule msichana alitoka Ujerumani kujitolea na sisi kwa kituo ya ndovu mayatima, alifua ile blanketi tunatundika wakati wa kulisha. Alifua na roho safi. Lakini mtoto huwekelea mkonga hapo akinyonya, anadhani ni mamake. Sasa mama ananuka sabuni.

Nilikaa na hiyo maneno asubuhi yote. Kizungu yangu ni kidogo, Kiswahili yake ni kidogo, na mimi watu huniogopesha. Mwishowe nikasema, "Dada, pole. Blanketi inanuka sabuni."

Akashika mdomo. "Mimi? Mimi naua yeye?"

"Hapana. Ni usafi tu imezidi."

Mzee Barasa akacheka mpaka akakalia ndoo. "Kumbe huyu ako na mdomo! Miezi sita nadhani ni bubu!"

Tukatundika ingine chafu. Mtoto akanusa, akaingiza mkonga chini yake, akaanza kuvuta.

Mzee amesema kesho nimfundishe Hanna kazi yote. Hiyo ni kuongea siku mzima. Naogopa, lakini ile kunyamaza ya leo asubuhi ilikuwa mbaya zaidi.