Ulipolala Golini

Mdogo wangu Mwanasha,

Nisamehe nimechelewa kukujibu. Ujumbe wako nimekaa nao tangu Jumatatu, nausikiliza nikiosha vyombo, nausikiliza nikimbembeleza mwanangu Awa. "Dada, nimeiaibisha nchi. Ukisema nirudi, narudi." Ningekujibu kwa sauti ungesikia ninavyotetemeka, ndiyo maana naandika. Nitaipiga picha barua hii nikutumie, mtandao wa hapa Palma ukikubali.

Ile mechi tuliitazama kwa jirani, kaka Saide fundi wa redio. Kibaraza kilijaa, na vijana wa kutoka kusini waliokuja huku na kazi nao walikuwepo. Wengine hata andeboli, mpira wa mikono, hawaijui, wanauliza mbona kipa hana glavu. Ulipotokea na jezi ya kijani, kitambaa umekikaza kichwani, mama akaruka. "Mwoneni mwanangu alivyonawiri! Timu ya taifa hiyo!"

Kisha yule mpinzani akatupa, mpira ukagonga nguzo. Paa! Nawe ukalala. Hukuwa unadaka. Ulilala kifudifudi, paji la uso sakafuni, mikono kisogoni. Mpira ukamrudia, akautia kwenye goli tupu taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Kipa kalala!" mmoja akapiga kelele.

"Mwamsheni, jua limepanda!" Wakacheka hadi viti vikalia.

Mimi hawakuniona. Nami nilikuwa chini, Mwanasha, nyuma ya viti, nimemfunika Awa kwa kifua, midomo inasoma. Kulhuwallahu mara tatu, kama mama alivyotufundisha porini siku tulipokimbia vita kijijini kwetu Quiterajo: risasi ikilia, mtu asiinue kichwa kabla hajamaliza ya tatu. Nilipoinua changu, na wewe kwenye luninga ulikuwa unainua chako. Mama bado alikuwa chini.

Unakumbuka tulipofika mji wa Pemba, sisi wadeslokadu, wakimbizi wa vita, tunalala darasani? Ulikuwa ukishinda pale uwanjani, wasichana wanakutupia mpira na wewe unazuia kwa mkono, kwa goti, hata kwa tumbo. Prufesora, mwalimu wao, akakuuliza, "Wewe mtoto, huogopi?" Ukamjibu, "Huu ninauona unakotoka, prufesora." Nilikuwa na mimba ya Awa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka tangu nyumbani.

Sasa mama ananisumbua kila asubuhi. "Mwite arudi. Huko wanamcheka mwanangu."

"Mama, na huku je?" nikamwuliza jana. Akaendelea kupepeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi.

Maana huku, mdogo wangu, hofu haijatoka. Nikienda kuteka maji naangalia kwanza njia ya kukimbilia. Nguo za Awa nimezifunga kwenye kitenge, zipo mlangoni. Juzi sokoni tairi la lori lilipasuka, soko zima likalala chini, nyanya zikawa zinabingirika peke yake. Tulipoinuka tunajipangusa vumbi, mama muuza dagaa akasema, "Haya, leo tairi limetusalisha bila udhu!" Tukacheka wote. Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Nikasema, laiti Mwanasha angekuwepo, angejua hakuiaibisha nchi. Nchi yenyewe inalala hivihivi.

Kinachoniogopesha zaidi ni Awa. Quiterajo haijui, kazaliwa baada yake. Lakini mlango ukijibamiza tu, huyo, uso chini, mikono kisogoni. Kajifunza kwangu. Nikimwambia, "Inuka mama, ni mlango," ananitazama mimi, nami nakuwa bado nimeinama.

Basi nisikilize. Usirudi. Najiogopea ninavyoliandika neno hili, maana nikikosea ni wewe utakayeumia, na ni mimi mama atakayenilaumu. Lakini kocha kakwambia uchague mwenyewe, na mimi dada yako nakwambia kaa. Mechi ya Jumamosi nguzo itagongwa tena. Ukilala, lala, soma zako tatu, inuka, hakuna atakayekufa. Ila jaribu mara moja kuisoma umesimama. Hata kwenye sala, Kulhuwallahu tunaisoma tumesimama. Nimemwambia mama hivyo. Akasema, "Basi asome kwa sauti, nimwone midomo."

Tutakuwa kwa kaka Saide. Nitakaa mbele safari hii, Awa mapajani.

Vitu ninavyovihitaji bado, tuma na mtu yeyote anayekuja huku: mafuta ya kuchua magoti ya mama. Viatu vya Awa, urefu wa kiganja chako pamoja na vidole. Mpira mmoja wa andeboli, hata ule mliokwisha kuutupa. Na hiki nitumie kwa simu kabla ya Jumamosi: ingia uwanjani kukiwa kimya, mwenzako agongeshe mpira nguzoni kwa nguvu zake zote, nawe urekodi. Paa. Kisha useme, "Awa, huo ni mpira. Mimi mama yako mdogo nimesimama."

Dada yako,
Mama Awa