Nimefuta Jina Lako kwenye Seva

Papa Neema,

Ni mimi, Zawadi, yule msusi wa Randburg uliyempa jina la Madame Haraka. Kaa vizuri huko uliko, maana nina mambo mawili ya kukiri, na yote mawili nimeyafanya bila kukuuliza. La kwanza, nilifuta jina lako kwenye seva, na tovuti yako ikafungika siku tatu nzima. La pili, nimesoma faili moja uliyoifunga ili mtu mwingine asiisome. La kwanza nimelitengeneza. La pili sijui kama utanisamehe, ndiyo sababu ninaandika.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza, usije ukasema nimeruka mistari. Baridi ya Johannesburg imerudi, ile kavu ya kupasua midomo, na wateja wanaingia saluni na kofia hawataki kuzivua. Neema amekua, sketi ya shule imekuwa fupi. Mama yake akimsemesha Kiswahili anajibu kwa Kizulu, na akikasirika anaongeza Kiingereza. Pale getini kwako Midrand wamemweka mlinzi mwingine, baba mmoja wa Burundi mwenye adabu zake. Nilipita nikamsalimu. Anakalia kiti chako kile cha plastiki, ulichokifunga mguu kwa waya.

Nilisimama pale nikilitazama lile jengo la vioo, nikacheka peke yangu. Miaka yote ile ulilinda jengo ambamo seva yako ilikuwamo, ile mashine ndogo uliyokuwa ukikodi ya kuwekea tovuti, na hukuwahi kuiona kwa macho. Uliingia ndani yake kwa laptop, umekaa kwenye kibanda cha mlinzi, hatua mia kutoka ilipo. "Mimi ndiye mkubwa wa mashine," ulikuwa ukisema, "lakini kadi ya mlango sina." Halafu unacheka mpaka kofia inadondoka. Mimi ningelia. Mtu aliyesoma hesabu chuo kikuu Lubumbashi, anaandika namba za magari ya watu kwenye daftari! Wewe hukuona haya, ulilivaa lile koti la mlinzi kama suti ya harusi.

Nakumbuka Jumamosi ya kwanza, mwaka 2015. Ulimleta Neema asukwe, ukakaa kwenye kona na laptop magotini. Mimi nilikuwa nikimtukana kijana aliyenitengenezea tovuti ya saluni, kwa sababu picha za misuko yangu zilikataa kufunguka. Mteja akibonyeza anaonyeshwa neno moja tu, Forbidden, yaani imekatazwa. Ukaniuliza kwa upole kama nimesoma mashine yenyewe inasema nini. Nikakujibu kwamba mashine haisemi, imenuna. Ukafungua ile faili ambamo seva huandika makosa yake yote, ukaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: jina la picha, saa, na kwamba ruhusa imekataliwa. "Imesema, Madame. Ni wewe hujasoma."

Ndipo nikajua kwamba kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, halafu kuna watu wengine wote. Na kila mmoja wa hao ana ruhusa zake, za kusoma, za kuandika, za kuendesha. Picha zangu ziliweza kusomwa na mwenyewe tu. Ukabadilisha ruhusa, zikafunguka, na Neema hata msuko wa pili nilikuwa sijaumaliza.

Mimi na haraka zangu nikaona nimeshahitimu. Wiki iliyofuata picha mpya zikagoma, nikatafuta mtandaoni, nikakuta mtu anasema andika 777, maana yake kila mtu apewe kila ruhusa. Nikaiandikia tovuti nzima. Ikafanya kazi, nikajiona daktari. Siku chache baadaye wezi wa mtandaoni wakaingia wakabandika matangazo yao, na wateja wakaanza kunipigia simu, wananiuliza tangu lini nauza vidonge vya nguvu za kiume. Eish, Papa Neema, ulivyocheka siku ile! Ulishika ukuta. Halafu ukaacha kucheka, ukakaa Jumamosi mbili ukisafisha faili moja moja, na mimi nasuka huku aibu inanichoma masikio. Hukunigombeza. Ulininunulia daftari la shule, ukaniambia amri yoyote niiandike kwanza kwa kalamu, na nikimaliza kuiandika ndipo niamue kama bado naitaka.

Niliona ni ushamba mtupu. Vidole hivi vinamaliza kichwa kizima kwa saa mbili, leo niandike kwa kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza? Lakini niliandika, kwa sababu ulikuwa unakagua. Na ulikuwa unasahihisha kwa wino mwekundu, mchokozi wewe.

Kisha ukaanzisha ule ukurasa wa kutafutana. Ulisema watu wetu wa Kongo wametapakaa kutoka hapa mpaka Lusaka mpaka kambi za Malawi, na wanachofanya ni kuulizana mlangoni mwa kanisa tu. Mtu alikuja kibandani kwako, au hapa saluni, ukamkaribisha kiti, ukaandika jina la anayemtafuta, kijiji, mahali walipoonana mara ya mwisho. Chini ya kila tangazo uliacha nafasi ya kujibu. Ulikuwa na maswali ambayo hakuna karani aliyewahi kuwauliza: anatembeaje, anacheka namna gani, akiitwa anaitikaje. Nimewaona akina mama wakitabasamu na kulia katika jibu moja. Wewe ulikuwa unaandika tu, polepole, umeinamisha kichwa.

Halafu presha ikakuangusha. Habari za hospitali siandiki, ulikuwepo.

Siku arobaini zilipotimia tuliondoa matanga nyumbani kwenu, mtaa wa Observatory. Tulipika sombe, yale majani ya muhogo, kwaya ikaimba, wazee wakagawa nguo zako. Koti la kijivu alichukua shemeji yako, na linambana. Baada ya chakula Mama Neema akaniita jikoni. Simu yako ilikuwa kabatini, na kila asubuhi saa kumi na mbili ilikuwa inalia, kwa sababu seva ilikuwa bado inakutumia ripoti yake ya kila siku. Mkeo alikuwa akiisikia anaamka, na kwa dakika nzima anasahau kwamba umekufa. Aliniomba nimwondolee jambo hilo.

Na mimi nikawaza: leo vitu vyote vya marehemu vinatoka, basi na jina lake kule kwenye mashine litoke, apumzike kabisa. Nilikuwa nalia, na nikilia ndiyo mikono inazidi kwenda mbio. Nikafungua laptop yangu palepale jikoni, nikaingia kwenye seva kwa ruhusa za msimamizi ulizonipa siku nyingi, nikafuta akaunti yako. Sikushika kalamu. Ilikuwa amri moja fupi na jina lako mwishoni. Kesho yake simu ikanyamaza, nikajisifu.

Kwa siku nne hakikuonekana kitu, kwa sababu programu zilizokuwa zimeshawaka ziliendelea kama kawaida. Siku ya tano nikaizima seva na kuiwasha tena, ili ipokee marekebisho mapya. Hapo ndipo ikanigeuka. Programu inayotengeneza kurasa zako ilikuwa inaendeshwa kwa jina lako, na jina halipo, ikakataa kuwaka. Nikabadilisha mipangilio, nikaiambia iendeshwe kwa jina la jumla la seva. Ikawaka, nikapiga makofi. Nikafungua ukurasa wa kutafutana, nikakuta neno lilelile la siku ya kwanza: Forbidden.

Kesho yake akaja Mama Riziki, yule anayefanya usafi kwenye maofisi ya huku Randburg, uliyemwekea tangazo la mdogo wake wa kike. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba tangazo limejibiwa, na aliyejibu ameacha namba ya simu ya Zambia. Mama wa watu akafungua kwenye simu yake, akakutana na neno hilo. Wewe unajua mtu aliyepanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi kwa miaka kumi analisoma vipi. Akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaniuliza, "Hata huku banatukatalia?" Na alikuwa anauliza kwa dhati. Nikamwambia si wao, ni mimi. Hakunielewa, na nilitamani ardhi inimeze.

Vidole vilikimbilia 777, nakuapia. Nilikuwa nimeshachapa saba ya pili. Nikajikaza, nikafuta, nikatoa daftari kwenye droo ya vitana. Nikasoma kwanza, kama ulivyonifundisha. Nikaorodhesha faili zako pamoja na majina ya wenyewe. Pale palipokuwa na jina lako, mamia kwa mamia ya mistari, palikuwa na namba: 1003. Mashine ilikuwa haijui tena unaitwaje, imebaki na namba tu iliyokupa siku ulipofungua akaunti. Folda yako ulikuwa umeifunga mtu mwingine asipite, na mwenyewe hayupo. Nililia mbele ya wateja, mmoja wao nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kiko wazi.

Njia rahisi ilikuwa kuzigeuza faili zote ziwe zangu, mstari mmoja tu. Niliuandika kwenye daftari, nikautazama, nikashindwa. Nguo zako ziligawiwa na wazee. Hizi nani kanigawia? Nikapanda teksi kwenda kwa Mama Neema, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Sikukuambia umufute," alisema. "Nilisema ile simu inyamaze."

Papa Neema, maneno hayo yalinikata kuliko kisu. Kwa kuzima ripoti ile ningehitaji dakika mbili. Haraka yangu ndiyo ilikufukuza kwenye mashine yako mwenyewe. Mkeo alimaliza maharage, akafuta mikono, akaona ninavyolia. "Weka jina la mwenye atafanya kazi," akasema. Halafu akanipa chakula.

Basi niliandika kwa kalamu, mezani pake. Akaunti mpya, jina langu, namba ileile 1003. Nikaisoma mara tatu, nikachapa, na mipangilio nayo nikaibadilisha ifuate jina hilo. Sikugusa faili yako hata moja. Lakini nilipoorodhesha tena, kila mstari uliokuwa na namba uliandikwa zawadi, zawadi, zawadi, mpaka chini. Ukurasa ukafunguka. Mama Riziki alipiga ile namba ya Zambia akiwa hapa saluni siku iliyofuata. Mdogo wake yuko Lusaka, anauza samaki wakavu, ana watoto watatu. Walipiga kelele wote wawili, na wateja wangu wakatoa vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Sasa lile la pili.

Nilipokuwa nakagua orodha niliona kwamba matangazo yote uliyaruhusu kusomwa na kila mtu, isipokuwa moja. Hilo ni mwenyewe kusoma, mwenyewe kuandika, na wengine hakuna kitu, na programu yako uliiagiza isionyeshe lolote la namna hiyo. Tarehe ilionyesha uliligusa siku mbili kabla ya kupelekwa hospitali. Na mwenyewe sasa ni mimi. Mashine ilinipa ruhusa, wewe hukunipa. Nilikaa wiki nzima bila kulifungua, mimi huyuhuyu, mpaka nikashindwa.

Lilikuwa tangazo namba moja. Unamtafuta mdogo wako Amani, mliyetengana barabarani karibu na mji wa Baraka, mkikimbia vita, akiwa na miaka kumi na minne. Umeandika kwamba anacheka akiziba mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika, na kwamba jino hilo ulilivunja wewe, mkicheza. Kumbe ukurasa mzima uliujenga kwa ajili yake. Ukawafungulia watu wote, la kwako ukalificha, ukawa unalirudia na kuongeza neno hapa na pale, umekaa kwenye kile kiti chako kibovu. Miaka yote ile hakuna mtu aliyekuuliza wewe unamtafuta nani. Hata mimi, mdomo wangu wote huu, sikuuliza.

Nilimpelekea mkeo. Alikuwa anajua. Alisema uliogopa, kwamba likiwa limefungwa, Amani bado anaweza kuwa hai mahali fulani, lakini ukiliweka hadharani na lisijibiwe, hapo utakuwa umejua. Akasema yeye amechoka kuogopa kwa niaba yako. Basi Jumapili baada ya ibada tuliketi wawili, nikaandika amri kwa kalamu: kila mtu asome, mwenyewe tu aandike. Aliyebonyeza ni Mama Neema, kwa kidole chake.

Hiyo ni wiki ya sita sasa, na hakuna aliyejibu. Nikifungua ukurasa naogopa kutazama ile nafasi ya kujibu, na ndipo ninapokuelewa. Kama tumekukosea, ukasirike na mimi, yeye muache. Nakukumbuka sana, rafiki yangu. Jumamosi nikisuka natazama ile kona na kuna mtu mwingine amekaa, na hana kosa lolote, lakini namchukia kidogo.

Kwaheri, mwalimu wangu. Nakuahidi kwamba nitalisoma tangazo hilo kila siku kabla sijashika kichwa cha mtu, na kama nitahama mji huu, kuna mtu atakuwa ameshapewa ruhusa kabla sijafunga mizigo. Amani akijibu, nitampigia mimi mwenyewe, na safari hiyo sitakuwa na haraka. Sitaanza na kifo chako. Nitamwambia kwanza kwamba tangazo lake lilikuwa namba moja.

Zawadi