Hakuna Aliyemuuliza Fahali

Uingereza,
Novemba 1996

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo ungeionja ungenitumia blanketi mbili, kisha ungenigombeza kwa kuondoka. Goti lako linaendeleaje? Tumbaku imekauka vizuri mwaka huu? Mimi ni mzima. Nakula viazi kila siku hadi nimeanza kuota ugali wa wimbi.

Barua yako niliipata. Niliujua mwandiko kabla sijafungua bahasha, kwa kuwa wewe husema, naye mke wangu Rhobi ndiye huandika, na ndiye hukusomea barua zangu. Kwa mkono wake mwenyewe aliandika kwamba miaka imepita bila mtoto, kwamba nikubali arudishwe kwa wazazi wake, na Baba Mdogo aende kudai ng'ombe wa mahari. Hakukosea hata herufi moja. Nilikaa na barua hiyo mapajani hadi chai ikapoa.

Jibu langu linaanzia kazini. Rhobi, soma yote, usiruke kwa haya. Nawe Mama, najua mtoto hasemi mambo haya mbele ya mzazi wake. Nisamehe, nitapitia kwa fahali.

Hapa chuoni tunachunguza mbegu za mafahali, zile zinazogandishwa na kupelekewa wafugaji. Ndani ya kila mbegu kuna uzi unaobeba urithi wote wa baba: rangi, pembe, hata ukali. Mama, uzi huo ukinyooshwa unanifika kiunoni, na mbegu yenyewe huwezi kuiona kwa jicho! Mbegu ikiwa bado changa, uzi umezungushwa kwenye vijigurudumu vingi vya protini. Inapokomaa, vijigurudumu vinatolewa, na protini nyingine ndogo zaidi zinaingia kuubana uzi, kama tunavyokanyaga majani ya tumbaku kwenye robota mpaka yashikane. Uzi hata hukatwa hapa na pale ili ulegee ujipange, kisha huungwa tena. Hakuna mkono wala jicho linalosimamia. Siku niliyoelewa hayo nilisimama nikamtaja Mungu kwa Kikuria, kwa sauti, na wenzangu wakacheka.

Sasa, kuna fahali mmoja hapa, shingo nene kuliko ya yule wetu. Mbegu zake zinaogelea vizuri sana, lakini ng'ombe hawashiki mimba. Tulizitia rangi. Zilizofungwa sawasawa hung'aa kijani. Zake nyingi zilikuwa rangi ya chungwa, maana yake uzi umelegea na kukatika ndani. Nikamkumbuka mtamba wetu mweusi tuliyemuuza sokoni Kehancha tukisema ni tasa. Nani alimuuliza fahali?

Baada ya barua yako, Mama, nilienda hospitali nikapimwa mimi. Daktari aliniita nitazame mwenyewe kwenye darubini. Rangi ya chungwa, karibu zote. Wakarudia kupima, ikawa vilevile. Rhobi alipimwa Migori akaambiwa hana kasoro, nasi tukasema yule daktari hajui kazi. Alijua. Kasoro ni yangu.

Nililia, sifichi. Lakini daktari hakunikatisha tamaa. Alisema kuna dawa za kujaribu, kisha akaniambia jambo ambalo bado linanisisimua mwili. Mbegu ikishaingia ndani ya yai, yai la mama ndilo linaloufungua ule mzigo wote. Linaziondoa protini za baba, linaweka zake, na uzi ukiwa umekatika kidogo linaweza hata kuushona. Fikiria, Mama! Mimi ndiye niliyefunga mzigo vibaya, na tulitaka kumfukuza fundi. Nikimkumbuka Rhobi akiandika ile barua kwa utulivu, naona aibu na namstaajabia pia.

Msalimie dada yangu Gati na wanawe, na mchungaji anayeniombea kanisani. Msalimie Baba Mdogo sana, umwambie ile safari ya kudai ng'ombe haipo tena, avue viatu apumzike. Kama ana neno, aniandikie mimi.

Ng'ombe wabaki walipo, na Rhobi abaki nyumbani kwake. Rhobi, mstari huo msomee Mama mara mbili.

Mwanao, na mume wa anayekusomea,
Marwa